Maswali ya Wasomaji: Kusomea jinsia na utamaduni hadi uhadhiri

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songea zinauliza njia ya kufika kwenye uhadhiri au utafiti wa jinsia na utamaduni. Tumechagua sita na kuzifupisha.

Habari za kazi, wahariri. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGK (historia, jiografia na Kiswahili). Nataka kusomea jinsia mpaka niwe mhadhiri. Baba anasema hiyo siyo kazi, bora nisome ualimu. Nianze na shahada gani? Na huku kwetu kuna chuo?
*Binti wa Uyole, Mbeya*

Baba yako amekosea kuhusu kazi, ila kuhusu ualimu hayuko mbali na ukweli. Vyuo vikuu vyetu huajiri kwa idara. Tangazo husema Mhadhiri Msaidizi wa sosholojia, wa historia, wa taaluma za maendeleo, wa fasihi au wa sheria. Tangazo linalotaka mtu wa "jinsia" peke yake hutokea mara chache. Kwa hiyo shahada ya kwanza chukua fani yenye idara kila chuo, kisha jinsia iwe mada ya utafiti wako wa mwaka wa tatu na ya uzamili. Anayefanya kinyume, akasoma jinsia kwanza na fani baadaye, hujikuta ana vyeti vizuri lakini hakuna idara inayoona kuwa ni mtu wao.

Pale Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kivukoni, Dar es Salaam, jinsia na maendeleo inasomwa kama fani kamili, kuanzia cheti hadi shahada. Ni njia nzuri kwa anayelenga halmashauri na mashirika. Kwa uhadhiri, nafasi ni finyu zaidi.

Kwa jirani, Mkwawa pale Iringa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kinafundisha walimu wa masomo ya sanaa, historia na Kiswahili yakiwemo. Ukienda huko baba anapata mwalimu wake, nawe unapata idara yako. Chuo Kikuu cha Iringa kimekuwa na shahada inayounganisha anthropolojia ya utamaduni na utalii, na ukitazama huu uwanja wetu wa utamaduni, anthropolojia ndiyo mama yake. Kabla ya kuomba, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huo huo uone kozi ipo na inataka ufaulu gani, maana kozi huongezwa na kuondolewa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa mwaka wa tatu, wamechelewa. Kuanza kazi ya kitaaluma katika chuo cha umma ukiwa na shahada ya kwanza, yaani kama Mkufunzi Msaidizi, matangazo hutaka GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yako yote, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Maana yake unaweza kuhitimu vizuri, ukapigiwa vigelegele, na bado mlango huo usifunguke. Hesabu iko hivi: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chukua masomo 10 yenye uzito sawa. Ukipata B tatu, B+ sita na A moja, jumla ni 38, sawasawa na 3.8. Ukipata C moja inabidi A zaidi ije kuifidia. Masomo ya mwaka wa kwanza huingia kwenye hesabu ya mwisho, na huko ndiko wengi wanakochezea, hasa kwenye masomo ya lazima kama stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo, ambayo wanafunzi huyaona ya kupitia tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina shahada ya ualimu wa sanaa yenye GPA ya 3.4. Nikisoma uzamili wa jinsia nikapata zaidi ya 4, je, hiyo 3.4 itasahaulika?
*Mwalimu, Mafinga*

Mwalimu, haitasahaulika, na ni afadhali kulijua hili kabla hujalipa ada. Matangazo ya Mhadhiri Msaidizi hudai uzamili wenye GPA ya 4.0 au zaidi na hapo hapo shahada ya kwanza ya 3.5 au 3.8, kutegemea tangazo. Uzamili mzuri haufuti shahada ya kwanza. Mfumo wa maombi ya ajira wa Sekretarieti ya Ajira unakutaka upakie matokeo ya ngazi zote, na mchujo wa kwanza unafanywa kwa karatasi kabla mtu hajakuona sura.

Hata hivyo uzamili wako hautapotea bure. Kazi za utafiti zisizo za uhadhiri hazibani GPA namna hiyo: miradi ya mashirika, tathmini, makumbusho, maendeleo ya jamii katika halmashauri. Mwalimu anayejua Kihehe au Kibena, anayejua kumhoji mzee bila kumwekea maneno mdomoni, na anayeandika ripoti ya kurasa 30 isiyohitaji kuandikwa upya, hakai muda mrefu bila simu. Ila usijiuzulu kwanza. Omba ruhusa ya masomo kupitia mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, uipate kwa maandishi. Wanaoondoka kwa ruhusa ya mdomo hurudi na kukuta mishahara imesimamishwa.

Kama lengo lako halisi ni darasa la chuo, uliza pia vyuo vya kati, ambavyo vigezo vyake ni tofauti na vya vyuo vikuu.

Shikamooni. Nasoma uzamili. Andiko langu la utafiti linaitwa "Utamaduni na Ukandamizaji wa Wanawake katika Nyanda za Juu Kusini". Msimamizi amelirudisha mara mbili akisema ni pana na jibu limo ndani ya kichwa. Hajaniambia nifanyeje.
*Mwanafunzi, Tukuyu*

Marahaba. Msimamizi wako ana haki, ingawa angeweza kukusaidia zaidi kidogo. Kichwa chako kina matatizo matatu. Nyanda za Juu Kusini ni watu wengi mno: Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wandali, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wapangwa, kila mmoja na taratibu zake za mahari, ardhi na urithi. Pili, "ukandamizaji" ni hitimisho, na hitimisho haliandikwi kabla ya kwenda uwandani. La tatu ndilo zito kuliko yote: umeufanya "utamaduni" kuwa sababu. Andiko likisema wanawake hawarithi kwa sababu ya mila, halijaeleza kitu, maana bado hatujui mila hiyo inashikiliwa na nani, tangu lini, na nani anafaidika.

Chukua urithi wenyewe. Wanafunzi wengi hunukuu "sheria ya mila" kana kwamba imeshuka na mababu ilivyo. Kanuni zinazonukuliwa mara nyingi ni tamko la serikali la mwaka 1963, lililokusanya desturi za upande wa baba na kuzipanga katika vifungu. Humo warithi wamewekwa madaraja matatu, na mabinti wakaangukia la tatu. Desturi iliyokuwa ikijadiliwa barazani, mzee huyu akivuta huku na shangazi akivuta kule, ikawa maandishi ya mahakama. Kisha mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inayobatilisha desturi inayomnyima haki hiyo. Kwa hiyo baraza la ardhi la kijiji huko Rungwe linakaa katikati ya maandishi mawili yasiyopatana. Hapo ndipo penye swali la utafiti: wajumbe wanatumia lipi, lini, na kwa kesi ya nani?

Ili kulipunguza, lazimisha andiko lako liwe na vitu vinne: tendo moja, mahali pamoja, kipindi kimoja na uhusiano mmoja. Mfano: malipo ya majani mabichi ya chai (tendo) katika vijiji viwili vya Rungwe (mahali), kwa misimu mitatu iliyopita (kipindi), kati ya mume na mke (uhusiano). Shamba limesajiliwa kwa jina la nani? Fedha inaingia kwenye simu au akaunti ya nani? Nani anachuma, na mke akiacha kuchuma mwezi mmoja nini kinatokea nyumbani? Kwa uzamili, kaya 12 zinatosha, ukihoji mke na mume kila mmoja peke yake, jumla mahojiano 24, pamoja na daftari la mapokezi la chama cha wakulima. Daftari hilo usilidharau. Watu husema "tunagawana", daftari husema jina moja.

Faida yako kubwa ni kwamba Rungwe imeandikwa kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, wakaeleza vijiji vya rika, ambako vijana wa kiume walitoka kwa wazazi wakajenga pamoja, pamoja na mwiko wa mke kukutana na baba mkwe wake. Mwaka 1977 Monica Wilson alitoa kitabu kinachotazama jinsi uhusiano wa vizazi, na wa wanaume na wanawake, ulivyobadilika tangu miaka ya 1870. Marjorie Mbilinyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika maisha ya Rebeka Kalindile, mkulima wa Rungwe; simulizi hiyo imo katika kitabu cha maisha ya wanawake wa Tanzania kilichohaririwa na Magdalena Ngaiza na Bertha Koda mwaka 1991. Msome Mbilinyi hasa kwa jinsi anavyoweka wazi kwamba simulizi ya maisha hutengenezwa na watu wawili, anayesimulia na anayeandika, na kwamba nguvu zao hazilingani. Wengi huweka aya moja ya namna hiyo kwenye sura ya mbinu kama mapambo. Mtahini makini huipima aya hiyo kwa kuuliza: basi wewe ulifanya nini kuhusu hilo?

Kosa la kawaida na vitabu vya zamani ni kuandika "Wanyakyusa hufanya hivi" huku ukinukuu utafiti wa 1936. Andika "walifanya", taja mwaka, kisha nenda kijijini ukaulize imebaki nini.

Nafanya utafiti Makete na Ludewa kuhusu wajane na ardhi. Vibali vinaanzia wapi? Na naomba mambo ya uwandani ambayo vitabu havisemi.
*Mtafiti mchanga, Njombe mjini*

Ukisoma chuo cha hapa nchini, barua ya kibali inatoka chuoni kwako kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo unapewa barua ya kwenda wilayani, kwa Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Ukisoma chuo cha nje, pitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti ukigusa afya, mfano wajane wanaoishi na virusi vya UKIMWI (na mkoani Njombe suala hilo litajitokeza hata usipoliuliza), ongea na msimamizi mapema kuhusu kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), maana kinachukua muda.

Tenga wiki mbili kwa barua peke yake. Wilaya zote mbili zitajwe kwenye barua ya chuo. Ikiandikwa "mkoa wa Njombe" tu, kuna ofisi itakayokurudisha. Toa nakala za kutosha, kwa sababu kila ofisi inabaki na yake na mashine ya nakala haiko kila kata.

Msimu ni nusu ya kazi. Masika Makete na Ludewa utelezi unakata barabara, na wanawake wako shambani kutwa. Baada ya mavuno watu wana nafasi, ila Juni na Julai baridi ya Makete haichezewi, na hakuna mama atakayekaa nje kuhojiwa saa moja asubuhi. Panga kuanzia saa nne. Wakati ulanzi (pombe ya mianzi) unagemwa, wazee wa kiume wahoji kabla ya mchana. Jioni watakusimulia mengi na kwa raha zote, lakini kesho yake watakataa nusu.

Mtendaji atapenda kukuchagulia wa kuhojiwa. Atakuletea mama mwenye kiti kwenye kikundi, anayejua kusema na wageni, na kesho mwenzake wa aina hiyo hiyo. Shukuru, uwahoji hao wawili, kisha uwaombe wakuelekeze kwa mjane ambaye hayumo kwenye kikundi chochote. Mtendaji mwenyewe asikae kwenye mahojiano, maana kama shauri la shamba lilipita mikononi mwake, hutapata neno. Shemeji wa mjane naye asikae, hasa shemeji. Akijisogeza, acha maswali ya ardhi, uliza ya mbolea na bei ya viazi mpaka achoke aondoke.

Vikundi vya majadiliano viwe na watu 6 hadi 8, wanawake kwao na wanaume kwao, na ndani ya wanawake tenganisha umri. Mkwe na mama mkwe wakikaa kundi moja, mmoja ataongea kwa niaba ya wote.

Ridhaa usiikimbilize kwenye sahihi. Katika vijiji vyenye migogoro ya mashamba, karatasi inayotiwa sahihi au dole gumba ndiyo iliyowapotezea watu ardhi, hivyo fomu yako inatisha kuliko maswali yako. Omba kamati ya maadili ikuruhusu kurekodi ridhaa kwa sauti, na useme wazi kwamba anaweza kukataa swali au kukatisha. Zawadi iwe moja na sawa vijiji vyote, sabuni au sukari, na itolewe mwishoni bila kutangazwa mwanzoni. Ukizidisha kijiji kimoja, habari zitakutangulia kwenye kinachofuata.

Ukirekodi kwa simu, zima mtandao na laini zote, kwa sababu simu ikiita inaweza kukata sauti nawe usijue. Majina weka ya kubuni tangu siku ya kwanza, na orodha ya majina halisi ikae mahali tofauti na sauti. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo siyo adabu ya utafiti tu.

Halafu hesabu muda wa kuandika. Saa 1 ya sauti ya Kiswahili inachukua saa 4 hadi 6 kuiweka kwenye maandishi neno kwa neno. Mahojiano 24 ya saa moja moja yanaweza kufika saa 144, yaani siku 24 za kuandika saa 6 kila siku. Mahojiano ya Kikinga au Kipangwa yanakula zaidi, kwa kuwa unaandika kwanza kwa lugha yenyewe ndipo unatafsiri. Usiruke hatua ya kwanza. Ukitafsiri moja kwa moja kutoka masikioni, methali na vijembe ndivyo vinavyopotea, na kwa kawaida ndimo mjane alimofichia jibu.

Mimi ni mwanamume. Wenzangu wananicheka kwamba jinsia ni ya wanawake. Kweli nitapata nafasi?
*Kaka wa Songea*

Kaka, utapata. Kuna mambo ambayo mwanamume anaingia kwa urahisi, kama mazungumzo ya vijiwe vya bodaboda, na kuna ambayo utahitaji msaidizi wa kike, nalo liandike kwenye sura ya mbinu bila aibu. Wanaume wenyewe ni mada: safari za vibarua kutoka nyanda hizi kwenda migodi ya Zambia na Afrika Kusini enzi za ukoloni zilibadilisha mahari, kilimo na nafasi ya mke aliyebaki nyumbani. Na hapo Songea unayo Makumbusho ya Maji Maji. Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na viongozi wa Kingoni, anaoneshwaje humo, kwa maneno gani, kando ya nani? Utafiti huo hauhitaji nauli.

Ni mhadhiri msaidizi. Nimepokea barua pepe jarida likisema litachapisha makala yangu ndani ya siku tano kwa dola 150. Pia natafuta ufadhili wa uzamivu.
*Msomaji, Iringa mjini*

Usilipe. Jarida la kweli haliwezi kupata wasomaji wawili wa kitaaluma wakasoma na kutoa maoni ndani ya siku tano, huchukua miezi. Makala ikishachapishwa huko, huwezi kuipeleka kwingine, na kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuikataa. Ukitaka kupima jarida, fungua toleo la mwisho usome makala mbili. Kama moja ni ya samaki na nyingine ya falsafa, funga. Siyo kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli, ila ada iwe imeandikwa wazi kwenye tovuti, na msamaha kwa waandishi wa nchi kama yetu utajwe.

Kwa fani hii, jarida la Feminist Africa, lililoanzishwa mwaka 2002 Afrika Kusini, linasomwa bure mtandaoni. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, nayo imekuwa ikiendesha taasisi ya mafunzo ya jinsia tangu 1994. Fuatilia miito yake, kwa sababu huko ndiko utakakokutana na watakaokuwa wasomaji wa makala zako. Kama chuo chako hakina usajili wa majarida, JSTOR, maktaba ya majarida ya mtandaoni, inaruhusu mtu binafsi aliyejisajili kusoma makala hadi 100 kwa mwezi bila malipo. Jisajili ORCID pia, namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata ukibadilisha jina baada ya ndoa, jambo linalowapotezea wanawake wengi orodha ya maandishi yao.

Kuhusu ufadhili, Makerere ina skuli ya masomo ya wanawake na jinsia iliyoanza kama idara mwaka 1991, na ni karibu kwa nauli na kwa mada. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi na wasomi, hufadhili masomo ndani ya Afrika katika vyuo na mitandao inayoiteua, na kwa kawaida huangalia miaka: isizidi miaka 6 tangu upate shahada yako ya mwisho. Wengi huangukia hapo, wakidhani wakisubiri kukusanya uzoefu watakuwa na nguvu zaidi. Anza na msimamizi. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja yenye swali lako la utafiti, mahali, na makala yake moja uliyoisoma na unachopingana nacho humo. Barua inayosema "nimevutiwa sana na kazi zako" bila kutaja hata moja hujibiwa kwa nadra.